Mstari wa Maumbo Sita

Karatasi ya shule ilisema mtoto hawezi. Ilisema kwa maneno marefu kuliko hayo, lakini Mama Funguo hakuwa na subira na maneno marefu. Alisimama kwenye kibanda chake, karatasi mkono huu, tupa ya kuchongea mkono ule, akamtaka mteja aliyekuja kuchongesha ufunguo wa stoo amsomee.

"Nisomee tena hapo chini. Polepole. Macho yangu siku hizi yanachagua kazi. Cha mbali nakiona, cha mkononi ndiyo shida."

Mteja akakohoa. "'Mtoto alipewa maumbo sita na ubao wenye matundu sita. Kwa dakika tano hakuingiza umbo hata moja. Anapanga vitu kwa mstari bila maana. Hazungumzi na mpimaji. Alama: sifuri.'"

"Bila maana," Mama Funguo akarudia. "Mjukuu wangu mimi. Bila maana."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Ungeweza hata kuruka neno moja, ungepungukiwa nini?" Akamnyang'anya karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Aliyeandikwa hivyo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya rafu, akijikuna goti. Shuleni alikuwa na jina refu na zuri, ila nyumbani na mtaa mzima alikuwa Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo mno na tangu hapo hajaonyesha haraka yoyote ya kukua. Miaka saba kasoro mwezi. Akiwa na bibi yake alizungumza mpaka masikio ya bibi yakaomba likizo. Kwa mtu asiyemjua, hata salamu ilikuwa ya kuchimba. Mama yake alifanya kazi mbali na alikuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo bibi na mjukuu walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na kuitana "mke mwenzangu" kama vile marehemu babu bado yupo wa kugombewa.

Na kwa kazi, mtoto huyo hakuwa wa kuandikiwa sifuri. Asubuhi ile ile mwenye duka la vyombo alikuwa ameacha makufuli saba na funguo zake ndani ya mfuko mmoja, zimechanganyika zote. Mama Funguo alitandika kitambaa mezani, akayapanga makufuli. Nukta akachungulia mdomo wa kila kufuli, moja baada ya jingine, akazigeuza funguo kwenye mwanga kutazama mifereji yake, akalaza kila mmoja mbele ya kufuli lake, umegeuzwa upande ule ule utakaoingilia. Kisha akakunja mikono mapajani. Mwenye duka aliporudi, Mama Funguo akamwuliza, "Tuingize?" Naye akajibu, "Ingizeni." Ziliingia zote saba, hakuna hata mmoja uliokwaruza.

"Sasa mtoto huyu," Mama Funguo akamwambia mteja wa stoo, ambaye alitaka tu ufunguo wake aende zake, "ashindwe kutia duara kwenye duara?"

Hasira peke yake isingemtoa kazini. Kilichomtoa ni mstari wa mwisho wa karatasi, ambao mteja alikuwa ameusoma mwanzoni kwa sauti ya chini kidogo. Mtoto atapimwa mara ya pili na ya mwisho Jumatano. Akishindwa, hatapokelewa darasa la kwanza. Atapelekwa kitengo maalumu, ambacho kiko kwenye shule ya bweni katika mji mwingine, nusu siku kwa basi. Mama Funguo alimfikiria Nukta kwenye bweni la watu asiowajua, akitaka maji na hawezi kumwomba mtu. Halafu akafikiria chumba chake mwenyewe, na kitanda kikiwa na nafasi. Hakuipenda picha yoyote kati ya hizo mbili. Akafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mume wake, akaenda shule.

Mpimaji alikuwa mwalimu mwanamke mrefu, mkavu, aliyening'iniza saa ya kupimia mbio shingoni kwa kamba nyeusi. Watoto walimwita Mwalimu Saa, naye alijua na hakujali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu.

"Bibi, sijasema mtoto ni mjinga," alisema. "Nimeandika nilichokiona."

"Na mimi nataka kukiona."

"Huo ubao?"

"Ubao, na yeye akiwa mbele ya ubao. Jumatano nataka kukaa humo ndani."

Mwalimu Saa akaigeuza saa yake kidoleni. "Utakaa nyuma kabisa. Hutasema neno, hutakohoa kwa maana, hutapiga jicho wala kidole. Mzazi akitoa ishara yoyote, kipimo kinafutwa na inahesabika ameshindwa. Sitaweza kukusaidia hapo."

"Mimi nikae kimya?"

"Dakika tano tu."

"Haya," Mama Funguo akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Aliomba auone ubao. Ulikuwa wa mbao ngumu, umepakwa rangi ya bluu iliyochubuka pembeni, matundu matatu juu na matatu chini: mraba, pembetatu, duara, nusu duara, nyota, yai. Aliusogeza mbali na uso, akautazama mara moja kama anavyotazama ufunguo wa kunakili, akashukuru, akaondoka. Jioni ile alikata boksi la sabuni kwa kisu, akatoa maumbo sita na matundu sita, hayana tofauti na yale ya shule ila kwa harufu.

"Hebu tuone, mke mwenzangu," alisema, akamwekea mbele. "Haya, tia."

Kabla hajakaa vizuri kwenye kigoda, maumbo yote yalikuwa ndani. Akayachanganya. "Tia." Yakaingia. Akayageuza juu chini, akamfumba mtoto macho kwa mtandio, "Tia," na Nukta akapapasa, akatia, akicheka. Walirudia mpaka karatasi zikalegea. Mama Funguo alilala usingizi mnono siku mbili zilizobaki. Alikuwa amekwishapata jawabu: siku ile ya kwanza mtoto alikuwa na njaa, au homa, au mwalimu alimkodolea macho. Jumatano atakunywa uji vikombe viwili na mambo yatakwisha.

Jumatano Nukta alikunywa uji vikombe viwili. Chumba cha kupimia kilikuwa stoo ya vitabu iliyowekewa meza moja, viti viwili na kabati la chuma. Mama Funguo alipewa benchi la nyuma, karibu na mlango. Nukta akaketi, miguu haifiki sakafuni. Mwalimu Saa akauweka ubao mbele yake, akamwaga maumbo sita kando ya ubao, akafungua fomu, akashika saa.

"Haya mtoto, anza."

Saa ikalia tik, na mwalimu akainamia fomu kujaza tarehe.

Nukta alianza. Aliyachukua maumbo moja moja, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ubao. Akaulaza mraba mezani, mbele yake. Kando ya mraba akalaza pembetatu. Kisha duara. Kisha nusu duara, mgongo juu. Nyota akaigeuza kidogo, akaigeuza tena, akailaza. Mwisho yai. Akakunja mikono mapajani. Yote hayakuchukua hata dakika moja.

Halafu hakufanya kitu.

Mwalimu Saa aliinua macho, akauona ubao mtupu na maumbo sita yamejipanga kwenye ukingo wa meza, akaandika. Kutoka kwenye benchi Mama Funguo aliona kalamu ikienda. Tia, mtoto, tia! Amepatwa na nini? Nyumbani tumetia mpaka boksi limechakaa!

Macho yake yaliyokataa kusoma karatasi ya mkononi hayakuwa na shida na kitu cha mbali. Aliutazama ule mstari. Mraba, pembetatu, duara, nusu duara, nyota, yai. Akatazama ubao: safu ya juu kutoka kushoto, kisha safu ya chini. Yalifuatana vile vile. Na si kufuatana tu, kila umbo lilikuwa limelala upande ule ule litakaoingilia. Mtoto alikuwa amemaliza zamani. Alikuwa anamsubiri mwenyewe, mwenye ubao.

Mama Funguo akaelewa. Kibandani kwao palikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo iliachwa na marehemu. Miaka mingi nyuma bwana mmoja mwenye suti alikuja akasema ametumwa na mwenye nyumba aliyepotelewa na ufunguo. Marehemu akaenda, akachonga, akaingiza, akafungua, akashukuriwa sana. Wenye nyumba waliporudi safari walikuta hata mapazia hayapo, na marehemu alikaa mahabusu wiki tatu akieleza kwamba yeye ni fundi tu. Tangu alipotoka, hakuna ufunguo uliotiwa kwenye kufuli la mtu pale kibandani mpaka mwenye kufuli asimame hapo na aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Fundi anatafuta, anapanga, anakunja mikono. Nukta aliijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mara moja, akiwa na miaka minne, aliingiza ufunguo wa mteja kabla ya ruhusa, na bibi yake akampiga kofi la mkononi, la kwanza na la mwisho maishani mwake. Nyumbani lile boksi la sabuni lilikuwa la bibi, na bibi alisema "tia." Hapa ubao ni wa mwalimu, na mwalimu alisema tu "anza."

Kwa hiyo kosa halikuwa la njaa wala la homa. Lilikuwa la kwake yeye, na alijichukia kwa hilo.

Dakika tatu zilikuwa zimebaki. Neno moja lingetosha. "Tia," angesema, na maumbo yangezama yote kabla mwalimu hajageuka. Na kipimo kingefutwa. Mama Funguo alitia ncha ya mtandio mdomoni, akaiuma. Nukta hakugeuka nyuma kumtazama hata mara moja. Alimtazama Mwalimu Saa, kwa heshima na subira, vile anavyomtazama mteja anayetafuta miwani yake. Mwalimu naye alitazama saa. Mtu angewaona angedhani wote wawili wanangoja basi.

Dakika mbili. Mama Funguo akakaza meno. Dakika moja. Machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa, akayaacha yateremke kwa sababu kuyafuta kungeonekana ni ishara.

Saa ikalia.

"Muda umekwisha," Mwalimu Saa akasema, bila furaha, akanyoosha mkono kuyazoa maumbo.

"Usiyaguse!"

Sauti ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Nukta aliruka kwenye kiti.

"Muda umekwisha, si ndiyo?" Mama Funguo alikuwa amekwishasimama. "Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sasa unaruhusiwa, bibi. Lakini matokeo..."

"Matokeo subiri. Nakuomba, mwanangu. Chukua la kwanza kushoto. Litie kwenye tundu la kwanza kushoto. Usiligeuze."

Mwalimu Saa alimtazama yule mwanamke mzee aliyelowa mashavu, na pengine kwa kumwonea huruma tu, akachukua mraba. Ukazama. Akachukua pembetatu. Ikazama. Duara likazama, lakini duara huzama kwa kila mtu. Nusu duara. Kisha akaishika nyota, na hapo mkono ukapunguza mwendo. Nyota ile ilitoka kiwandani na mguu mmoja mrefu kuliko mingine, iliingia kwa namna moja tu, na watoto wengi waliigonga ubaoni mpaka yeye mpimaji akaumwa na kichwa. Akaishusha moja kwa moja kama ilivyolala. Ikazama. Yai likafuata.

Mwalimu alifungua faili, akarudi kwenye fomu ya kwanza, akausoma mwandiko wake mwenyewe. Anapanga vitu kwa mstari bila maana. Masikio yake yakaiva kwa aibu.

"Mara ile ya kwanza pia?" akauliza, na haikujulikana anamwuliza nani. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nukta. "Mbona hukuyaingiza, mwanangu?"

Nukta akaangalia meza. Akaangalia saa inayoning'inia. Mama Funguo alijua jibu halitakuja, akafungua mdomo ajibu yeye, na Mwalimu Saa akamnyanyulia kiganja: ngoja. Wakangoja.

"Mwenyewe hajasema," Nukta akanong'ona.

Mama Funguo ndiye aliyeeleza yaliyobaki: kibanda, bwana wa suti, mahabusu, kofi la mkononi. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama anayesomewa mashtaka. "Hajakosea huyu. Ni mimi niliyemfundisha. Kama kuna wa kupelekwa bweni, nipelekeni mimi."

"Huko hawapokei wa umri wako, bibi," Mwalimu Saa akasema, na ilichukua muda kabla Mama Funguo hajagundua kwamba mwalimu ametania. "Tatizo langu ni hili. Fomu inahesabu yaliyomo ndani ya matundu saa inapolia. Yaliyoko mezani haiyahesabu. Na kanuni inasema mtoto apimwe mara mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatujamaliza mara ya pili." Akaenda kwenye kabati la chuma, akasukuma vitabu, akatoa ubao mwingine wenye vumbi, akaupangusa kwa mkono wa gauni. Ulikuwa na matundu kumi, na mengine hayakuwa na majina ya mitaani: pembe tano, pembe sita, mraba uliosukumwa ukalala upande. "Kanuni haijasema mara ya pili niwe na ubao mmoja tu."

Akamwaga maumbo kumi mezani. Safari hii hakugusa fomu. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akaweka kidole juu ya ubao.

"Huu ubao ni wangu. Mimi ndiye mwenyewe. Nimekuruhusu uingize yote. Umesikia?"

Nukta alitikisa kichwa kukubali, na kabla saa haijabonyezwa vizuri mkono wake ulikuwa umekwishachukua la kwanza. Hakulaza kitu mezani. Alitia, akatia, akatia, kila moja likilia ko kwenye mbao, na ule mraba uliolala upande aliugeuza hewani akausahihisha kabla haujafika. Sekunde arobaini na moja. Mwalimu Saa aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

Aliandika kumi kwa kumi. Akaandika na maneno mengine, mengi, na mstari wa chini akaupigia wino mara mbili: apokelewe darasa la kwanza leo. Mama Funguo alitaka kumkumbatia, ila mwalimu alikuwa mrefu mno na alikuwa bado na neno.

"Darasani wako arobaini, bibi. Siwezi kumwambia huyu mmoja 'nimekuruhusu' kila anapotaka kushika chaki. Atakaa akisubiri, na wenzake hawatamsubiri. Hilo ni la kwako kulitoa. Mimi hatanisikia."

Mama Funguo alielewa, na lilimuuma. Sheria ile ndiyo kitu pekee alichojivunia mbele za watu kwa miaka yote hiyo. Alikuwa mwaminifu, na mjukuu wake alikuwa mwaminifu, na sasa anaambiwa apunguze. Akajishusha sakafuni, magoti yakilalamika, akamshika Nukta mabega.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Kibandani tunasubiri mwenyewe, au siyo?"

"Ndiyo."

"Hapa shuleni hakuna kusubiri. Hapa mwenyewe ni wewe. Kila kitu cha shule ni chako."

Nukta akalifikiria jambo hilo kwa makini. "Hata ubao wa nyota?"

"Hata huo."

"Na chaki?"

"Na chaki."

"Na mwalimu?"

Mama Funguo akamtazama Mwalimu Saa. "Mwalimu pia. Kwa zamu."

Darasa la kwanza lilikuwa mwisho wa varanda. Mwalimu Saa alimwingiza mtoto, akamnong'oneza mwenye darasa, akampa karatasi. "Nenda utafute pa kukaa," mwenye darasa akamwambia Nukta, na nyuma kabisa palikuwa na viti vitatu vitupu. Mama Funguo alisimama nje, dirishani, akichungulia. Arobaini walimgeukia mjukuu wake kwa pamoja. Atanyauka, alijua. Atasimama hapo hapo mpaka kengele.

Nukta alilikagua darasa lote. Kisha akatembea mpaka dawati la mbele, lenye mwanga mzuri wa dirisha, akaketi. Dawati hilo lilikuwa na madaftari juu yake, na mwenye madaftari, msichana mkubwa mwenye sauti ya kutosha, alikuwa ubaoni akiandika hesabu. Akageuka.

"We! Toka hapo. Hapo pangu."

Nje ya dirisha Mama Funguo akaiuma tena ncha ya mtandio. Tangu azaliwe, mtoto huyu hajawahi kumjibu mtu asiyemjua.

Nukta akayasogeza madaftari pembeni, kwa adabu kabisa, akayapanga yakae sawasawa.

"Hapa ni pangu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka varandani. "Bibi amesema."

Darasa zima likaangua kicheko, msichana mkubwa akaanza kulia, na Mwalimu Saa akageuza shingo yake ndefu polepole kuelekea dirishani. Mama Funguo alikwishainama chini ya ukuta, mtandio mdomoni, akicheka na machozi yakimwenda. Alitambaa hivyo hivyo mpaka mwisho wa varanda, akasimama, akajipangusa magoti, akaenda zake kazini kabla hawajamwita.